Jachen Tuena, Uliyefunikwa na Theluji ya Urezza

Mwaka umetimia, Jachen, tangu mteremko wa Urezza uporomoke na kukufunika, nasi bado tuna hasira.

Kila asubuhi ya majira ya baridi uliisoma taarifa ya theluji kwa sauti, na hakuna aliyegusa mkate kabla hujamaliza: upepo umerundika theluji upande gani, hatari ya maporomoko ni daraja la ngapi kati ya matano. Miaka thelathini na moja uliongoza wageni milimani. Hata mchumba wa binti yako ulimrudisha kijijini kwa miguu, skii zake, zile mbao za kutelezea thelujini, zikiwa begani, kwa kuwa aliingia mteremkoni kabla aliyemtangulia hajafika chini. Alinuna wiki nzima. Ukasema heri anune kuliko tumzike.

Kisha siku ile, hatari daraja la tatu, theluji mpya imelalia tabaka bovu lisiloshika, wageni wakalalamika kwamba wametoka mbali. Ukaona michirizi ya skii za jana, ukawaambia kama wengine wamepita, basi panapitika. Wewe, uliyetufundisha kwamba michirizi ya jana haisemi lolote kuhusu leo! Wageni walisalimika. Wewe ulifukuliwa baada ya dakika arobaini.

Watu wanatuambia ulikufa ukifanya ulichokipenda. Watukome. Ulipenda pia kurudi nyumbani na kula supu ya shayiri uliyoitia chumvi kupita kiasi.

Jumapili iliyopita chama cha wapanda milima kilikuandalia msafara wa kukuenzi, watu ishirini na watatu, washuke Urezza ileile. Binti yako Madlaina aliongoza. Kule juu, kupima kama theluji imeshikana, alichimba shimo, akachonga nguzo ya theluji, akaweka koleo juu yake na kuligonga kwa ncha za vidole. Pigo la tatu tu, nguzo ikakatika na kuteleza. Akawaambia wageuze.

Rafiki yako Gisep alikuwa ameshafunga viatu vyake kwenye skii.

"Mwanangu, usitutie aibu mbele za watu," alimwambia. "Baba yako angeshuka."

"Najua, mzee. Angeshuka. Ndiyo maana hayupo."

Walirudi wote kwa njia ya msituni, na Gisep akiwa nyuma yao.

Unakumbukwa na mkeo Ladina, binti yako Madlaina, dada yako Uorschla na mama yako Mengia, ambaye hadi leo hataki kuutazama mlima. Kukusahau hatuwezi. Kukusamehe, bado.