Ukuta wa Odessa

Jumatatu, 4 Machi

Jirani yangu Odessa kagonga nikiwa bado na soksi moja mguuni. Mara mbili, kwenye ukuta wa jikoni kwake. Nikajibu mara mbili jikoni kwangu. Maana yake: niko hai, wewe je? Tangu waume zetu wafariki hatujakosa hata asubuhi moja. Asiyejibu, mwenzake huacha yote, huchukua ufunguo wa akiba na kuja. Ukuta wenyewe ni mmoja tu. Nyumba zote sita za safu yetu zimeshikana mabega.

Na kampuni inazitaka zote sita. Eti wajenge ghorofa la vioo, chini duka la kahawa. Kahawa! Kana kwamba sisi hatuna birika.

Alhamisi, 14 Machi

Kikao cha tume ya majengo ya kale. Odessa kavaa kofia yake ya Pasaka, ile ya manyoya. Kapewa dakika tatu, kachukua kumi. Kawaambia hata waje na tingatinga watamkuta jikoni anakaanga kuku, na hatawapa hata bawa. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza.

Mwenyekiti kasema wazi: sote sita tukikataa kuuza, safu itatangazwa urithi wa mji, na hakuna atakayeigusa. Ikitoboka hata nyumba moja, basi. Uamuzi ni mwezi ujao.

Nimerudi nyumbani karibu niimbe. Karibu.

Jumamosi, 23 Machi

Siku ya kusugua ngazi za mlangoni. Zetu ni za marumaru nyeupe, na mtaa huu mwanamke hupimwa kwa ngazi zake. Odessa hakutoka. Nikamwita dirishani, akasema ni magoti. Nikamsugulia na zake. Zimeng'aa kuliko zangu — nimejiudhi mwenyewe.

Binti yake Charisse amekuja kutoka Atlanta. Ananiamkia kwa heshima mno. Sipendi.

Jumapili, 24 Machi

Kanisani Odessa hakukaa nami. Kakaa nyuma na Charisse. Eti huko kuna hewa. Miaka yote hii tulikuwa tunavuta nini kule mbele?

Jumanne, 9 Aprili

Ameuza.

Jumatano, 10 Aprili

Jana sikuweza kuandika zaidi.

Alikuja mwenyewe. Hakugonga ukuta, aligonga mlango, kama mgeni. "Verna, usinitazame hivyo," akasema. "Ngazi za kwenda chooni zimenishinda. Natambaa, shoga. Natambaa kama mtoto."

Nikamwambia ungeniambia. "Ungenibeba?" akaniuliza.

Nikamtolea maneno ambayo siyaandiki hapa. Akalia. Nilipofunga mlango nililia mimi pia. Nina haki ya kukasirika, naye ana haki ya kuondoka, na haki zetu zote mbili hazitusaidii kitu.

Ijumaa, 26 Aprili

Tume imefunga jambo letu. Wale wanne wengine wameuza, mmoja baada ya mwingine. Siwalaumu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi sijauza. Si ushujaa — sina pa kwenda, na sina Charisse.

Jumamosi, 1 Juni

Odessa kaondoka jana, kaenda Atlanta kwa Charisse. Leo asubuhi nimegonga ukuta. Mazoea tu. Nikajiona mjinga, nikakaa chini.

Jumapili, 14 Julai

Odessa kapiga simu. Nilikuwa sipokei, leo nimepokea. Anasema chumba chake kiko chini na choo ni mlango wa pili. Anasema kila asubuhi anagonga ukuta, na mkwewe ameshanunua mitego ya panya. Tulicheka sana. Kicheko kikaisha, na hakuna aliyekata simu.

Alhamisi, 19 Septemba

Jikoni asubuhi — mara mbili! Nikajibu kabla sijafikiri. Kisha mlango ukabishwa.

Ni bwana mmoja wa makamo mwenye kofia ngumu, jina lake Garrity, msimamizi wa wabomoaji. "Mama, ni wewe uliyegonga? Una shida?"

"Wewe uliyeanza kugonga ulikuwa na shida gani?"

Kasema alikuwa anaupima ukuta. Kisha akavua kofia, nikajua hakuna heri. "Mama, ukuta huu ni wa nyumba ile. Yako haina wa kwake upande huo. Tukibomoa tutaacha huo mmoja na kuupiga plasta, lakini haukujengwa kukaa wazi. Nisikudanganye."

"Na baridi ikija?"

"Hamia kwa ndugu, mama."

Kampuni haina haja ya kunifukuza. Baridi itaifanyia kazi hiyo bure.

Nikampa kahawa, maana kosa si lake. Nikamwomba kitu kimoja: kesho, kabla hawajaanza, agonge mara mbili. Nikijibu, waendelee.

"Na usipojibu?"

"Utaacha yote uje uone kama nimekufa."

Kacheka. Akaona mimi sicheki. "Haya, mama," akasema.

Ijumaa, 20 Septemba

Nipo jikoni, naandika huku nasikiliza. Mashine imewashwa nje, vikombe vinatetemeka kabatini. Nimempigia Odessa, simu iko mezani, sauti juu. Anasema hataki kusikia. Lakini hakati.

Wameizima. Kimya.

Kumegongwa. Mara mbili. Garrity ameshika neno lake.

"Mjibu, Verna," anasema Odessa. "Atadhani umekufa."

"Mwache adhani."

"Wee Verna!"

Amegonga tena. Mkono wangu uko kwenye kalamu, sitauinua.

Nasikia buti zake nje. Anapanda ngazi zangu — na nimezisugua asubuhi hii!