Sombe Iliyotwangwa Mara Tatu

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu zangu zikukute muzima huko Kabambare. Hapa Kasongo tuko salama. Babu yako angali anakohoa kidogo, na mupunga umeanza kuchanua.

Umeniuliza utampikia nini mama mukwe akija, maana nyama haiko na unaona haya kumupa sombe, majani ya muhogo tu. Haya hiyo naijua.

Nilipokuwa mutoto, kila Ramadhani mama alipeleka futari kwa wasafiri waliofikia kwenye baraza ya musikiti. Hakuna aliyemutuma. Siku moja alinipa bakuli ya sombe na mawese nipeleke mimi. Nyumba zingine zilileta kuku na mbuzi, basi nikaisukuma yetu pembeni, nikaifunika kawa, nikasimama mbali kama si yangu.

Muzee mumoja, mupagazi kutoka Nyangwe, aliwaachia wenzake kuku na mbuzi, akafunua kawa yetu. Alikula polepole mpaka akapangusa bakuli kwa kidole. Aliponirudishia alicheka, nikaona hana jino hata moja.

“Mwambie mama, leo nimeshiba,” akasema.

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Hakushangaa.

“Ndiyo maana nilitwanga mara tatu,” akajibu. “Jana nilimuona anamung’unya nyama, halafu anaificha kwenye kiganja, wenzake wasimuone.”

Basi, Zaina, mama mukwe wako, meno yake yako namna gani? Uliza hilo kwanza, ndipo ushike muchi.

Mimi bibi yako, ninayekukumbuka kila nikisogelea kinu.