Jina Langu kwenye Fomu ya Placide

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi
Niko kwenye orodha. Mimi! Nimesoma afya ya jamii miaka yote hii ili niwaweke wengine kwenye orodha. Leo mimi ni namba saba.

Bijou, mwenzangu wa darasa, ana mpox. Tulilala godoro moja kule kijijini Miti, wiki nzima ya stage, mazoezi ya kazi, mpaka Ijumaa. Walipomuuliza amegusana na nani, akanitaja bila hata kufikiri. Alifanya vizuri. Nimemkasirikia vibaya sana.

Basi, siku ishirini na moja kuanzia Ijumaa ile. Nisitoke, nisilale na mtu, nisimbebe mtoto. Atakayenifuatilia ni Placide, wa darasa letu. Atapita kila asubuhi na kipimajoto na fomu. Siku ya mwisho ni tarehe 24. Kutetea TFC yangu, kazi ya kufunga masomo, ni tarehe 25! Mungu ananipenda, ila ananipenda kwa kubana.

Jumatano, tarehe 8
36,4. Placide anasoma maswali yote, hata yale tuliyoyaandika pamoja. Nikamwambia aruke. Hakuruka.

Nyumba ni vyumba viwili. Yaya Nathalie, dada yangu mkubwa, na mtoto wake Akonkwa, miezi mitano, wamehamia sebuleni. Mimi chumbani, na ufunguo wangu. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, nikinyoosha mkono naugusa. Mtaa wetu wote wa Cimpunda ni hivyo, nyumba juu ya kichwa cha nyumba. Nasikia jirani akikohoa. Nasikia pia akimwambia mumewe, "Ile docta yabo iko na ugonjwa ya bipele." Sina vipele!

Jumatatu, tarehe 13
36,5. Ujumbe kutoka kwa msimamizi wa TFC yangu, CT Cirhuza. Nikiikosa session hii ya kutetea, nyingine haina tarehe. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, halafu vita, halafu tukakaa. Niko mwaka wa tatu tangu 2023. Watu mtaani wananiuliza kama nimeolewa na huo mwaka.

Nataka kutoka. Basi. Kutoka tu.

Jumatano, tarehe 15
Nimembeba Akonkwa. Yaya alikuwa ameshuka kuvuta maji, foleni ya saa nzima, na mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Ningefanya nini? Yaya alirudi akanikuta naye mgongoni. Akacheka.

"Unaona? Uko muzima. Hiyo masiku yenu ni ya buongo."

Akonkwa alilala mgongoni kwangu, moto mdogo. Sikumwambia Placide.

Ijumaa, tarehe 17
Nimembeba tena. Jana pia.

Jumapili, tarehe 19
Kipele.

Kiganja cha kulia, chini ya kidole gumba. Kimoja. Labda mbu. Labda makala, mkaa wa jikoni, yalinichoma jana jioni.

Mbu gani anauma kiganja, Euphrasie?

Jumatatu, tarehe 20
36,9. "Iko kitu kwa ngozi?" Hakuna, nikasema, haraka mno. Nilikuwa nimekizungushia kikombe cha chai kiganja. Anatakiwa aone mikono, lakini hakuniomba nikiweke chini. Ananiamini. Akaandika zéro, akaniuliza Jumamosi nitavaa nini.

Baadaye nikafungua TFC yangu. Swali langu: kwa nini waliogusana na wagonjwa wanaficha dalili? Jibu langu, ukurasa wa 34: kukosa elimu, asilimia 71. Nikamkumbuka Maman Christine, anayeuza makala, mmoja wa niliowahoji. Alificha siku nne. Alinieleza wazi, "Nikisema, batanifunga, na nani atauzisha?" Mimi nikaandika: hajui hatari. Alijua yote! Nilimwandikia ujinga kwa sababu fomu yangu haikuwa na nafasi ya kitu kingine. Naona haya. Na kazi hiyo ndiyo nitaitetea mbele ya jury ya walimu.

Jumatano, tarehe 22
Kimejaa maji. Kingine kimetoka kwenye kifundo cha mkono. Kichwa kinaniuma.

Asubuhi nilijipangusa paji la uso kwa maji baridi kabla ya kipimajoto. 36,8. Ujanja huo nimeueleza katika sura ya tatu.

Sijambeba mtoto tangu Jumapili. Nimemwambia yaya ninasoma. Bijou ameandika kutoka kituo cha matibabu: anapona, amechoka na wali, ananiombea. Sikumjibu.

Nikisema, ni wiki tatu au nne ndani, na mwaka wa tatu tena. Nikinyamaza, ni ukumbi umejaa, na kila mtu atataka kunipa mkono.

Siku mbili!

Ijumaa, tarehe 24
Saa moja na dakika arobaini. Placide yuko sebuleni. Naandika nimesimama.

Alikuwa amemaliza. 36,8, zéro, sahihi yake chini. "Félicitations, docta." Akafunga mfuko. Hapo yaya akaingia na bidoo tupu la maji mkono mmoja, Akonkwa mkono mwingine.

"Kamata mutoto kidogo, mayi itakatika. Iko na moto-moto tu, ni meno."

Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Weye! Wiki ingine ulikuwa unamubeba kila siku. Leo juu ya nini?"

Placide aliacha mfuko. Alimtazama mtoto. Halafu akatazama mikono yangu, niliyoifunika kwa kitenge. Nikasema nakwenda kubadilisha nguo. Nimejifungia.

Nawasikia. Placide anauliza homa ilianza lini. Jana, anasema yaya. Anamwomba amvue mtoto nguo. Halafu sauti ya yaya, ndogo, "Na hapa kwa tumbo, hii ni nini?"

Anagonga mlango. Polepole.

"Euphrasie. Fungula. Miko peke yangu hapa kwa mulango, ya mutoto sijaandika kitu."

Kwenye kitanda iko sketi nyeusi ya kesho, nimeshaipiga pasi. Kalamu inakigusa kipele kila ninapoandika. Anagonga tena, na sasa yaya naye ananiita, analia. Mlango huu hufungwa na kufunguliwa kwa ndani tu, na ufunguo ninao mimi.