Gari Inavuta

Papa Chance,

Nilipofagia uwanja niliona tairi ya mbele: upande wa ndani imelika mpaka nyuzi zinaonekana, upande wa nje iko mpya. Tangu uinue pua ya pickup ilingane na nyuma, usukani unakaa mshazari. Asubuhi nilikuambia, "Gari inavuta." Ukacheka mbele ya kondakta wako Dady: "Inavuta tumbako?"

Mboga ya pondu iko kwenye sufuria. ~~Ufunguo wa gari uko chini ya mto.~~ Ufunguo ninao. Niko Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa mama, pamoja na Chance. Abiria wa uwanja wa ndege wa Bangboka wangoje. Fundi akija na kamba yake kupanga magurudumu, paralelisme, unipigie, nitavuka.

Sijakuambia hata siku moja: ukichelewa kurudi, ninatafuta tayari maneno nitakayomwambia Chance siku usiporudi.

Mama Chance