Ukuta wa Kukodi

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini. Huku Lyamkena baridi ni kali, shangazi yako anakohoa.

Umeniuliza mbona sikufurahi uliposema vikapu vyetu umeviweka kwenye tovuti, na tovuti yenyewe inakaa kwenye kompyuta za kukodi, mbali. Soko huria lilipoingia, babu yako alikodi ukuta njia panda ya Makambako, akachora kikapu na mshale wa kuja kwetu. Wateja wakaja. Asubuhi moja tukakuta mwenye ukuta ameukodisha kwa watu wa sabuni, wamepaka tangazo lao juu ya mshale. Babu yako akasimama pale kutwa, akinyoosha mkono kuelekea kwetu.

Hiyo tovuti iache tu huko. Ila nakala yake baki nayo wewe, maana ule mkono bado nauona, umenyooshwa, na watu wanapita.

Bibi yako