Vitunguu vya Jumamosi

Daktari, shikamoo.

Hakuna aliyeitikia, na mimi bado nasema. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hapa zahanati ya Gehandu nilikuamkia kabla sijavua hata sweta, na wewe uliitikia marahaba huku unapigana na kile kitasa kibovu cha mlango. Kitasa kimetengenezwa. Fundi tuliyemwomba mwaka mzima alikuja ukiwa umeshazikwa, akamaliza kazi kabla chai haijachemka. Nilimkasirikia sana yule mtu, na yeye maskini hajui kosa lake.

Nakuandikia kwa sababu sikukuaga. Ulianguka nyumbani kwako Katesh alfajiri, ndugu zako wakakuzika siku ileile, kama dini yenu inavyotaka. Habari ilinikuta na foleni ya kina mama walioleta watoto kupimwa uzito. Nilipofika kwako, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo kwenye viatu. Nikakaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, mkeo akanishika mkono. Kwetu ningekuona uso, ningetupa hata konzi moja ya udongo. Wewe ulikuwa umeshaondoka, kama mtu aliyepata lifti ya ghafla.

Sasa niko peke yangu. Daktari mwingine tumeahidiwa, na kila nikiuliza naambiwa yuko njiani. Hiyo njia lazima ni ndefu. Kiti chako hakuna anayekikalia. Wagonjwa wanakizunguka, na mimi nawaandikia dawa nimekaa kwenye stuli yangu ileile ya pembeni, goti linagonga meza.

Kipupwe cha mwaka huu ni kikali. Upepo unashuka mlimani, vumbi la mashamba linaingia mpaka kwenye chai, na hakuna nyumba isiyo na mafua. Unajua yanayofuata. Wanakuja wameshika uso kwa viganja viwili, pua zimeziba, kamasi ya njano, wakiinama wanasikia kichwa kizito kama jiwe la kusagia. Wengine wanadhani ni jino. Na karibu wote wanakuja wameshajiandikia dawa wenyewe: wanataka vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria, basi.

Ndivyo alivyokuja mama Neema wa Gendabi, yule mrefu anayecheka kwa sauti. Siku ile hakucheka. Mafua yalikuwa na siku tano. Nilifanya kila kitu kama ulivyokuwa unafanya. Nilimbonyeza mashavuni na juu ya nyusi kwa vidole gumba, nikampima homa, nikatazama macho kama yamevimba, nikamwambia aguse kifua kwa kidevu nione kama shingo imekaza. Nikamuuliza kama alipata nafuu halafu hali ikageuka kuwa mbaya zaidi. Hapana. Hakuwa na dalili hata moja ya kututisha.

Basi nikamweleza. Kwamba ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo, na mafua yameziba milango yake. Kwamba mara nyingi inafunguka yenyewe, na vile vidonge haviui virusi vya mafua, hata kamasi iwe ya njano. Nikampa panadol za maumivu, nikamfundisha kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nikamwambia kama siku kumi zitapita bila nafuu, au ikipoa halafu irudi kwa nguvu, aje tuangalie hivyo vidonge. Na akipata homa kali, jicho likivimba, au kichwa kikimshinda, asingoje hata kidogo, aje siku hiyohiyo. Maneno yalikuwa yako yote, Daktari. Kidogo tu niweke na kile kikohozi chako cha katikati.

Mama Neema alisikiliza, akajifunga shuka yake vizuri, akasema, "Daktari angenipa." Akaondoka.

Usingempa! Ulishamwambia angoje, tena zaidi ya mara moja, na akaenda zake akikushukuru. Neno ni lilelile. Likitoka kwako lilikuwa tiba, likitoka kwangu ni uchoyo. Niliumia, na nilivyoumia nilikutafuta kwa macho upande wa dirishani, nikulalamikie.

Halafu hasira ikaisha, woga ukaingia. Nilimkumbuka yule mtoto wa Basotu ambaye kope ilivimba mpaka jicho likafungika. Siku ile hukumaliza chai yako. Ulimpandisha na mama yake kwenye pikipiki ukawapeleka hospitali mwenyewe. Mama Neema akifikia hapo atanitafuta mimi, ambaye haniamini? Au atakaa nyumbani anasubiri, kwa sababu nimemwambia asubiri?

Nikakumbuka Jumamosi zako.

Watu wa gulioni walidhani unapenda vitunguu. Kumbe pale vitunguu vinamwagwa chini kwenye turubai, na anayenunua lazima ainame kuchagua. Wewe ulisimama pembeni na kikombe cha chai, unapiga stori za mvua na mpira, macho yako yako kwenye nyuso. Mgonjwa wako akiinama na kuchambua bila haraka, ulijua amepona. Akichuchumaa kichwa kimesimama wima, kama aliyejitwika ndoo, ulimwita pembeni ukamwambia Jumatatu aje. Na ili muuzaji asichoke kukuona umemsimamia, ulinunua. Kila Jumamosi ulinunua, mpaka mkeo akawa anakupokea mlangoni na swali moja, "Vitunguu vya nini tena?"

Nilikuuliza kwa nini ujisumbue hivyo wakati tumeshawaambia warudi wakizidiwa. Ukasema, "Ukimwambia mtu angoje, ngoja naye."

Basi Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nikanunua chai, nikasimama palepale pako. Mama Neema hakutokea. Wala hakutokea mgonjwa mwingine yeyote. Watu walinunua nyanya, walinunua maparachichi na sabuni, wakapita mbali na vitunguu kana kwamba vina upele. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima na kikombe kimepoa mkononi. Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo, na zile siku kumi zikawa zimeshapita. Nililala vibaya. Kila nikifumba macho naona jicho lililovimba.

Jumapili nilitoka misani nikapanda bodaboda mpaka Gendabi. Nilimwona tangu barabarani. Alikuwa shambani anang'oa maharage, ameinama kabisa, kichwa karibu kiguse udongo, na hukohuko chini alikokuwa, anamgombeza binti yake kwa sauti inayofika kijiji cha pili. Daktari, nilisimama pembeni mwa shamba nikalia. Sijui kama nilimlilia yeye au wewe. Nilipopenga kamasi akanisikia, akainuka, akanitazama usoni kwa huruma.

"Pole, nesi," akasema. "Chemsha maji, weka chumvi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alikuwa ameshapona tangu wiki ile ya kwanza. Pua alisafisha kama nilivyomwelekeza, akininung'unikia kila siku. Nikamuuliza basi kwa nini hakuja gulioni, hakupita hata kwenye vitunguu nimwone. Akanishangaa. Akaniambia kumbe wote walikuwa wanajua, Daktari. Siku zote walijua unawaangalia. Hata mwenye gunia la vitunguu nyumbani alikuwa anapita pale ainame, aonekane, ili usikae na wasiwasi.

"Sasa nani wa kutuangalia?" akasema.

Nilitaka kutoa hotuba. Ikatoka, "Mimi," tena kwa sauti ndogo ambayo ungenitania nayo mwezi mzima. Akanipa debe la maharage, akarudi kuinama.

Jana nilikuwa pale tena. Kabla chai haijapoa mama Neema akaja, akainama kwenye turubai, akachagua kitunguu kimojakimoja bila haraka yoyote, akainuka akanitazama moja kwa moja, akaenda zake bila salamu. Nyuma yake wakaja wengine wawili, sijui aliwaambia nini. Na mzee mmoja niliyemwona zahanati wiki iliyopita akachuchumaa kichwa wima, kama amejitwika ndoo. Wewe ungemgundua kabla hajafika. Mimi nilichelewa kidogo, lakini nilimwona. Nikamwamkia, nikamvuta pembeni, nikamtazama macho na shingo, nikamuuliza homa. Anasema alikuwa ameanza kupoa, tangu juzi maumivu yamerudi upande mmoja, makali. Sikungoja Jumatatu. Nilifungua zahanati nikampa dawa yake, ile ya rangi mbili, na safari hii alikuwa anaihitaji kweli.

Nilinunua vitunguu. Ningefanyaje, muuzaji alikuwa ananitazama. Jioni nikapita Katesh kwa mkeo. Vile ulivyomwachia wewe vimeota majani ndani ya kapu, hawezi kuvipika wala kuvitupa. Alifungua mlango, akaona mfuko mkononi mwangu, akasema, "Vitunguu vya nini tena?" Akayasikia maneno yake mwenyewe. Tukabaki tumesimama mlangoni, yeye ameshika upande mmoja wa mfuko na mimi upande mwingine. Baadaye tuliingia jikoni tukavimenya vyote, hata tusivyovihitaji.

Basi nimekuaga, Daktari. Mungu akuweke pazuri, penye chai ya moto na watu wa kupiga nao stori. Mkeo nitakuwa nampitia. Jumamosi nitakuwa gulioni, upande ule uliokuwa unasimama wewe, na nitakayemwambia angoje nitangoja naye. Sitakudanganya kwamba nimezoea. Wao nawangoja mimi, na mimi sina wa kungoja naye, na saa nne tukimaliza foleni ya kwanza bado najikuta natoa vikombe viwili.

Kesho nitafungua mlango. Kitasa hakisumbui tena, nitakuwa ndani mara moja. Nitakuamkia. Nitasimama kidogo, halafu nitavua sweta, nimwite mgonjwa wa kwanza.

Nesi wako,
Martina