Niingie Gerejini kwa Selwyn Akiwa Mtoni?

Shangazi Noelene mpendwa, nisaidie haraka, kwa sababu ufunguo wa gereji ya mwenzangu uko mfukoni mwangu na mikono inaniwasha. Mimi ni refa mstaafu wa raga hapa Westport, na mwenye gereji ni Selwyn, rafiki yangu tangu tukiwa wavulana, ambaye tangu mgodi aliokuwa akifanya kazi ufungwe hakuwa na la kumtoa kitandani, mpaka mwaka jana alipookota kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, akaitengenezea kabati la mbao lenye vijiti na vitufe, akajaza humo michezo ya zile mashine za sarafu tulizokuwa tukizigombania utotoni kwenye maduka ya chipsi, na Ijumaa gereji ikawa inafurika watu, soseji zinachomwa, Bev wa posta anatungua vyombo vya angani huku akitukana kama baharia, na Selwyn anacheka, Shangazi, anacheka!

Shida ni menyu. Michezo yenyewe inakwenda vizuri, ila ile programu ya kuchagulia, inayokuonyesha majina na picha kabla hujaanza kucheza, ni kobe, maana Selwyn ameirundikia michezo maelfu, mingine ya karata za Kijapani ambazo hapa hakuna anayezijua, na kila mmoja una video yake ya kuonja na picha kubwa kama bango, na kila mashine ikiwashwa inaanza kukagua mafaili yote upya, basi ukisogeza kijiti unangoja, ukikisogeza tena unangoja tena. Dawa yake naijua, nimeijaribu nyumbani kwangu. Nikaanza kwenda na saa yangu ya refa ili nimwonyeshe, kila Ijumaa napima, natangaza kwa sauti sekunde tulizopoteza, nikabandika jedwali ukutani, nikamwambia Bev asiguse vitufe mpaka nimalize kupima. Selwyn akasema, "Mervyn, kaka, kunywa bia yako. Itafunguka tu, haijawahi kukataa." Nikamjibu, "Bwana wee, umeunda gari la mbio halafu unalikokota kwa ng'ombe!" Watu wakacheka, yeye akaenda kugeuza soseji zilizokwisha kuiva.

Sasa watu hawaji. Bev anasema ana nguo za kupiga pasi, na mimi sijawahi kumwona Bev na nguo iliyopigwa pasi. Ijumaa iliyopita tulikuwa wawili tu, Selwyn akaizima mapema, akasema labda atauza kabati lenyewe. Wiki hii yuko mtoni anavua, ni msimu wa inanga, na wale visamaki hawamngoji mtu, kwa hiyo ameniachia ufunguo nimlishe mbwa. Nataka niingie nifute video zote, nipunguze michezo, akirudi akute menyu inaruka na watu warudi. Nikifanya hivyo bila kumwambia, nitakuwa nimekosea?

Mervyn, Westport

SHANGAZI ANAJIBU

Mervyn, moyo wako ni mzuri na rafiki yako unampenda, hilo nimeliona. Sasa kaa nikuseme.

Kuhusu mashine, uko sahihi kabisa. Nilikuwa na duka la chipsi Greymouth, mashine mbili za sarafu zikiwa pembeni ya kaunta, na siku hizi kabati kama la Selwyn liko sebuleni kwangu, kazi ya mwanangu. Kompyuta kuukuu haiwezi kubeba mapambo yote hayo. Video zizimwe. Picha zipunguzwe zilingane na kioo, si kubwa kuliko kioo. Menyu isome orodha iliyokwisha hifadhiwa, ikague upya siku mchezo unapoongezwa tu. Kompyuta ikiwaka iende moja kwa moja kwenye menyu, isizunguke kwenye mambo mengine. Na mkipata ile diski ya kisasa isiyozunguka, inayosoma mafaili kwa kasi, mtadhani mmenunua kompyuta mpya. Karata za Kijapani ziondoke, hamzijui na wala hamtazijua.

Lakini hebu isome barua yako mwenyewe. Menyu ilikuwa kobe tangu siku ya kwanza, na gereji ilikuwa inafurika! Watu walikuwa wakingoja huku soseji mkononi, hawana habari. Wamepungua lini? Uliposimama katikati yao na saa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Selwyn alikuwa anapona kweli, wewe ukaja kupuliza kipenga kwenye karamu. Unamkataza Bev kugusa vitufe alivyoalikwa kuvigusa? Hata mimi ningekwenda kupiga pasi.

Tena hukumkosoa Selwyn pembeni. Ulimkosoa kwake, mbele ya wageni wake, ukaacha na jedwali ukutani ili alisome wiki nzima akiwa peke yake. Soseji zilikuwa zimeiva, Mervyn, umeandika wewe. Mtu anageuza soseji zilizoiva ili watu wasimwone usoni. Nimesikitika niliposoma hapo, na nimekukasirikia.

Wenye mgodi walikata shauri juu ya maisha yake bila kumuuliza. Usiwe wa pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Mlishe mbwa. Bandua lile jedwali, hilo ni lako na nakuruhusu. Kompyuta usiiguse, funga mlango. Pita posta umwombe Bev radhi, na akikutukana upokee. Kisha chukua chupa ya chai na mikate, umfuate Selwyn, na usianze na habari za video. Anza hivi: "Nimekukera, kaka, tena mbele za watu. Nisamehe." Halafu nyamaza, ijapokuwa ni kazi ngumu kwa refa.

Akishapoa, muulize kama angependa kuiongezea mashine yake mbio. Akikubali, nakilini diski yote kwanza, ili akijuta aweze kurudisha kila kitu, na yeye ndiye aamue mchezo upi unabaki na upi unatoka. Kipanya kiwe mkononi mwake, wewe shika tochi. Akikataa, basi amekataa, nawe utangoja menyu ifunguke kama wenzako wanavyongoja.

Umeniomba ruhusa, nami sina ya kukupa. Mwenye kuitoa amesimama majini na wavu wake. Nenda kesho asubuhi, kabla kabati halijapata mnunuzi.